Upepo Upo, Waya Uko Wapi? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Njia Kuu za Umeme Kenya

Kila serikali inapotangaza mradi mpya wa upepo, jua au mvuke, picha zinazosambaa ni za mitambo. Waya hauna mpiga picha. Ila mtu akikaa gizani huku nchi ikisifiwa kwa umeme safi, mara nyingi kilichokosekana ni huo waya. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi na ndugu, majirani na wasomaji, pamoja na majibu kadiri ninavyolifahamu jambo hili.

Njia kuu ya umeme ni ipi? Si zile nguzo za mtaani kwetu?

Hapana. Umeme hupita mikono mitatu kabla ya kukufikia. Kwanza huzalishwa na KenGen, kampuni ya umma ya kuzalisha umeme, na kampuni za binafsi. Halafu husafirishwa mbali kwa minara mirefu ya chuma yenye msongo (voltage) mkubwa, kilovolti 132, 220 au 400. Mwisho hufika kwenye kituo cha kupozea umeme, hupunguzwa nguvu, na kusambazwa kwa nguzo za mtaani hadi kwenye mita yako. Hiyo sehemu ya mwisho ni kazi ya Kenya Power.

Sehemu ya katikati ilikabidhiwa shirika la serikali liitwalo KETRACO, lililoundwa mwaka 2008, ingawa njia nyingi za zamani zilibaki kwa Kenya Power. Sababu ya kuunda KETRACO ilikuwa ya maana: njia kuu ni ghali mno, na gharama yote ikiwekwa kwenye bili hakuna mwananchi atakayeimudu. Basi serikali ikaamua kuzijenga kwa kodi na mikopo, kama inavyojenga barabara.

Kwa nini kilovolti 400? Si hatari bure?

Waya hupata moto umeme unapopita, na ule moto ni umeme unaopotea njiani. Upotevu hutegemea wingi wa mkondo, tena kwa kipeo chake cha pili: mkondo ukiongezeka mara mbili, upotevu huongezeka mara nne. Ukipandisha msongo, unasafirisha nguvu ileile kwa mkondo mdogo. Kutoka kilovolti 132 hadi 400 ni karibu mara tatu, kwa hiyo mkondo hushuka hadi theluthi moja na upotevu kwenye waya uleule hushuka hadi karibu sehemu moja ya tisa. Ndiyo maana nchi inayotaka kubeba umeme kilomita 400 haina budi kwenda juu.

Mbona hizi habari za waya zimeanza na upepo na jua? Zamani hatukuzisikia.

Jenereta ya dizeli unaweza kuiweka popote lori la mafuta linapofika. Ndiyo maana mitambo ya mafuta ilijengwa karibu na watumiaji, Mombasa na pembeni mwa Nairobi. Upepo haupakiwi kwenye lori. Lazima uufuate ulipo, na ulipo ni mbali na watu: upande wa mashariki wa Ziwa Turkana, ambako mlima Kulal na mlima Nyiru huubana upepo ukavuma kwa kasi isiyo ya kawaida karibu mwaka mzima. Jua la kutosha liko Garissa. Mvuke wa ardhini uko Olkaria, chini ya Bonde la Ufa.

Leo karibu tisa ya kumi ya umeme unaozalishwa Kenya hutoka kwenye maji, mvuke, upepo na jua. Ni jambo la kujivunia, nami najivunia. Lakini maana yake ni kwamba tumeondoka kwenye mfumo wa kusafirisha mafuta barabarani tukaingia kwenye mfumo wa kusafirisha umeme hewani, na bajeti ya hiyo safari ya pili haikukua sawasawa na mitambo.

Ni kweli mitambo ya upepo ya Turkana ilikaa bila kazi?

Ni kweli, na kisa chake kinastahili kuelezwa polepole.

Shamba la upepo la Ziwa Turkana liko Loiyangalani, Kaunti ya Marsabit. Lina mitambo 365, kila mmoja una uwezo wa kilowati 850, jumla takriban megawati 310. Lilikuwa uwekezaji mkubwa kuliko wote wa sekta binafsi nchini wakati huo, kiasi cha euro milioni 620. Kabla hata ya kusimamisha mtambo mmoja, ilibidi kuitengeneza barabara ya kilomita 208 kutoka Laisamis ili vyuma vipite. Mtambo wa mwisho ulisimama mapema mwaka 2017.

Kwa mujibu wa makubaliano, wawekezaji wajenge mitambo na serikali ijenge njia. Njia yenyewe ilikuwa ya kilovolti 400, takriban kilomita 430, kutoka Loiyangalani kupitia Samburu na Laikipia, kushuka Bonde la Ufa hadi Suswa, kwenye kituo kikubwa cha umeme magharibi mwa Nairobi. Mkandarasi alikuwa kampuni ya Hispania, Isolux Corsán, na sehemu ya fedha ilikuwa mkopo kutoka serikali ya Hispania. Hapo mambo mawili yakagongana. La kwanza ni ardhi: wenye mashamba hawakukubali minara ipite kabla ya fidia, na fidia ilichelewa. La pili ni mkandarasi mwenyewe, ambaye aliishiwa na kufilisika mwaka 2017 kazi ikiwa haijakwisha. Ikabidi kutafuta wengine, muungano wa kampuni za China, wakaimalizia.

Umeme wa kwanza ulipita kwenye njia hiyo Septemba 2018. Rais Uhuru Kenyatta akazindua mradi rasmi Julai 2019. Kwa mwaka mmoja na nusu hivi, upepo ulivuma Loiyangalani na rafadha zikabaki bila mahali pa kupeleka umeme wake.

Basi tulilipia umeme ambao hatukuutumia?

Ndiyo. Mkataba ulisema mitambo ikiwa tayari na njia haipo, mwekezaji alipwe kana kwamba umeme umechukuliwa. Faini hiyo ilifika mabilioni ya shilingi.

Wengi hukasirikia kifungu hicho, lakini mimi lawama yangu naiweka kwingine. Hakuna benki itakayomkopesha mtu ajenge mitambo jangwani ikiwa malipo yanategemea ahadi ya mtu mwingine kujenga waya. Kifungu kile kilikuwa bei ya kuaminiwa. Kosa lilikuwa kuanza kuhesabu siku za njia kwa kalenda ileile ya mitambo. Mitambo ya upepo huja imeshatengenezwa, huunganishwa tu, na ile 365 ilisimama yote ndani ya miaka miwili hivi. Njia hupita kwenye mamia ya mashamba ya watu, na kila shamba lina mwenyewe, ndugu zake na pengine kesi mahakamani. Njia huanza kwanza, kwa miaka.

Umeme unapita juu ya vichwa vyetu, mbona sisi tuko gizani?

Swali hili ndilo linaloniuma kuliko yote, na haliulizwi Samburu peke yake.

Jibu la kitaalamu ni kwamba huwezi kuchomeka nyumba kwenye waya wa kilovolti 400. Panahitajika kituo cha kupozea umeme chenye transfoma kubwa, swichi, vifaa vya ulinzi na watu wa kukiendesha. Kituo kama hicho hugharimu fedha nyingi kuliko ambazo vijiji vichache vyenye matumizi madogo vitarudisha kwa bili. Kwa hesabu za mhandisi, njia kuu ni kama barabara isiyo na mchepuko: gari hupita kwa kasi, wala halisimami.

Jibu hilo ni kweli lakini halitoshi. Mji wa Marsabit, makao makuu ya kaunti yenye shamba kubwa kabisa la upepo nchini, uliendelea kwa miaka kutegemea jenereta za dizeli zilizojitenga na gridi, yaani mtandao wa umeme wa taifa, wakati megawati 310 za kaunti hiyohiyo zinasafiri kwenda Suswa kuwasha Nairobi. Mwananchi wa Marsabit hakukosea akiona ameachwa. Kituo cha kupozea umeme kwa ajili ya wenyeji kingeingizwa kwenye mchoro wa kwanza, gharama yake ingemezwa na mradi mkubwa. Ukikileta baadaye, kinakuwa mradi mpya unaotafuta mfadhili mpya, na wenyeji wanaanza tena kusubiri.

Na ardhi? Minara ikipita kwangu, shamba linakuwa la nani?

Linabaki lako. Serikali huchukua haki ya kupita tu, kwenye ukanda ambao wengi huuita mkuza. Kwa njia ya kilovolti 400 mkuza una upana wa kama mita 60. Ndani yake huruhusiwi kujenga nyumba wala kupanda miti mirefu, ila mazao mafupi na malisho kwa kawaida huendelea. Nyumba iliyomo hulipwa fidia na mwenyewe huhama.

Ugumu huanza pale ardhi inapokuwa ya jamii na si ya mtu mmoja. Wafugaji wa kaskazini hawana hatimiliki mfukoni, wana visima, njia za mifugo na makaburi ya wazee. Mwezi wa Oktoba 2021 mahakama ya Meru iliamua kwamba hatimiliki za ardhi ya shamba la upepo la Turkana zilipatikana kinyume cha utaratibu wa sheria. Uamuzi huo ulihusu ardhi ya mitambo, si ya minara, lakini somo ni lilelile kwa anayechora njia mezani Nairobi: mchungaji ambaye hakuulizwa leo atasimama mahakamani kesho, na ana haki.

Agosti 2023 nchi nzima ilizimika. Si ule upepo ndio ulioleta balaa?

Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulipotea karibu nchi yote, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukakaa gizani. Kenya Power ilisema chanzo kilikuwa kupotea ghafla kwa umeme wa shamba la upepo la Turkana. Wenye shamba nao wakasema mitambo yao ilijizima kujilinda, kwa sababu msongo kwenye gridi ulipanda kupita kiasi.

Bila kuingia katika ugomvi wao, kuna mambo mawili ya kuelewa. Njia ndefu ya kilovolti 400 isiyobeba mzigo wa kutosha ina tabia ya kupandisha msongo yenyewe upande wa mwisho, na inahitaji vifaa maalumu vya kuushusha. Pili, gridi inayotegemea njia moja ndefu kwa sehemu kubwa ya umeme wake ni kama meza ya mguu mmoja. Njia ile ikijikata, mitambo mingine huongezewa mzigo kwa sekunde chache, nayo hujizima mmoja baada ya mwingine. Dawa yake ni njia za kuzunguka, ili umeme ukikatwa huku upite kule. Fedha za aina hiyo ndizo ngumu kuzipata, maana njia ya pili haina sherehe ya kuzindua. Inafanya kazi siku ile tu ambayo ya kwanza imeanguka.

Kwa nini magharibi mwa Kenya umeme hukatika jioni wakati Olkaria iko jirani?

Kwa sababu njia za kuelekea huko hujaa. Mnamo 2025 mahitaji ya juu kabisa ya nchi yalipita megawati 2,300, na kilele huja jioni watu wote wakiwasha taa, jiko na televisheni kwa pamoja. Mwaka huohuo Rais William Ruto mwenyewe alisema hadharani kwamba umeme unagawiwa kwa zamu kati ya saa kumi na moja jioni na saa nne usiku.

Saa chache baadaye picha hugeuka. Baada ya saa sita za usiku mahitaji hushuka, upepo wa Turkana huwa ndio kwanza umekolea, na mvuke wa Olkaria hauna swichi ya kuuzima. Basi mitambo mingine ya upepo huamriwa kusimama na mvuke mwingine huachiliwa hewani. Jioni ileile ya mgao hufuatiwa na usiku wa kumwaga. Njia kuu zilizo bora zaidi, mabwawa na betri za kuhifadhi zingehamisha sehemu ya ule umeme wa usiku hadi jioni na hadi Kisumu.

Serikali haina pesa za kutosha. Kwa nini isiwape wawekezaji wajenge wenyewe?

Inaweza, na imejaribu. Shamba la upepo la Kipeto, Kajiado, lenye megawati 100, lilijijengea njia yake fupi hadi Isinya. Kwa kilomita chache hilo ni jambo jema.

Jaribio kubwa lilikuwa Oktoba 2024, KETRACO ilipotia saini na kampuni ya Adani ya India mkataba wa dola milioni 736 wa kujenga na kuendesha njia kadhaa kwa miaka 30, mojawapo ikiwa ya Gilgil, Thika, Malaa hadi Konza. Mahakama Kuu iliusimamisha mwezi huohuo baada ya chama cha wanasheria kulalamika kwamba wananchi hawakushirikishwa. Tarehe 21 Novemba Rais Ruto akaufuta, siku moja baada ya waendesha mashtaka wa Marekani kutangaza mashtaka ya hongo dhidi ya mwenye kampuni, mashtaka ambayo kampuni iliyakana.

Sipingi ubia. Njia zile bado zinahitajika, na zilihitajika jana. Ila njia kuu ni mali ambayo haina mshindani. Hakuna mtu atakayejenga ya pili pembeni yake ili bei ishuke. Kwa hiyo mkataba wa miaka 30 lazima usomwe na kila mtu kabla ya saini: nani alipe njia ikikaa tupu, nani alipe shilingi ikishuka thamani, na mwisho wa mkataba inarudi kwa nani. Watu walipohisi wamefichwa, mradi ulikufa na muda ukapotea.

Tumeunganishwa na Ethiopia na Tanzania. Si hatari kumtegemea jirani?

Naona faida ni kubwa kuliko hatari. Njia ya Ethiopia inatoka Wolayta Sodo hadi Suswa, zaidi ya kilomita 1,000, na inatumia umeme wa mkondo mnyoofu (DC), unaokwenda upande mmoja tu, wa kilovolti 500. Inaweza kubeba hadi megawati 2,000. Kenya ilianza kununua megawati 200 kupitia njia hiyo mwishoni mwa 2022. Ile ya Tanzania, ya kilovolti 400, inatoka Isinya kupitia Namanga na Arusha hadi Singida, na iliwashwa Desemba 2024.

Maana yake kwa nishati safi ni hii: ukame hauzipigi nchi zote kwa siku moja. Mabwawa ya Tana yakikauka, pengine ya Omo kule Ethiopia na Rufiji kule Tanzania yamejaa. Upepo wa Marsabit ukizidi usiku, kuna wa kuuziwa. Kadiri eneo linavyopanuka, ndivyo upungufu wa mmoja unavyofunikwa na ziada ya mwingine.

Tanzania wana bwawa kubwa. Wao hawana shida hii?

Wanayo, ila kwa sura nyingine. Bwawa la Julius Nyerere lenye mashine 9 za megawati 235 lina uwezo wa megawati 2,115, na mashine yake ya kwanza iliingia kwenye Gridi ya Taifa Februari 2024. Mwezi uliofuata TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, ilizima vituo vitano vya umeme wa maji kwa sababu umeme ulizidi mahitaji. Wakati huohuo kulikuwa na mikoa inayolalamikia umeme hafifu.

Bwawa liko Rufiji, kusini mashariki. Umeme hupelekwa Chalinze kwa njia ya kilovolti 400, kisha unatakiwa kufika Dodoma na kaskazini, safari ndefu. Machi 2025, akiwa ziarani Kilimanjaro, Rais Samia Suluhu Hassan alieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, na akataja upotevu wa njiani kuwa mojawapo ya sababu. Baadhi ya watu walishangaa: tuna bwawa, tununue? Ukishaangalia ramani, mshangao hupungua. Njia ya Chalinze hadi Dodoma na mradi wa Gridi Imara wa TANESCO ndiyo majibu ya kudumu.

Si rahisi kila mtu aweke sola juu ya paa, tuachane na minara?

Kwa nyumba iliyo mbali na gridi, ndiyo, na haraka. Kwa hospitali yenye chumba cha upasuaji, kiwanda cha chai, treni ya umeme au mji wa watu laki kadhaa, paa halitoshi.

Wezi wa vyuma wanahusikaje?

Wanahusika kuliko tunavyopenda kukiri. Tarehe 11 Januari 2022 minara kwenye njia ya Kiambere hadi Embakasi ilianguka baada ya vyuma vyake kung'olewa, na nchi ikazimika. Serikali ikasimamisha biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa. Mnara husimama kwa vyuma vya pembeni vinavyoonekana vidogo, na vikikatwa vichache, mzigo wa waya wenyewe huuvuta chini. Wanaokaa karibu na minara ndio walinzi wa kwanza, na hapo ninarudi Marsabit na Samburu: ni vigumu kumwomba mtu alinde waya ambao haumpi hata taa moja.

Njia mpya ikitangazwa kupita kwetu, niulize nini barazani?

Chifu akiitisha baraza, uliza mkuza una upana gani kwenye ramani na umepita shamba la nani. Uliza fidia italipwa kabla ya msingi wa mnara kuchimbwa au baadaye, na uombe jibu liandikwe. Uliza mkandarasi ni nani na amemaliza njia gani nyingine. Uliza ni mtambo gani utakaotumia njia hiyo na utakuwa tayari lini. Halafu uliza kituo cha karibu cha kupozea umeme kitajengwa wapi, kama kimo kwenye bajeti ya sasa, na nyaya za kutoka pale kuja shuleni na zahanati zimetengewa shilingi ngapi. Ukiambiwa hilo ni la awamu ya pili, omba tarehe ya awamu ya pili iingie kwenye kumbukumbu za baraza kabla watu hawajatawanyika.